Kompyuta Kuukuu Inapojikokota kwenye Intaneti

Siku hizi si ajabu kufika kwenye kikundi cha kujisaidia, hata kule mashinani kabisa, ukakuta kompyuta imewekwa mezani na kufunikwa kitambaa cha kushonwa kwa mkono. Mara nyingi ni mashine iliyokwisha kutumika: ilitoka ofisi fulani iliyonunua mpya, au shule, au ililetwa na mtoto wa mwanachama anayefanya kazi mjini. Kikundi huitumia kuandika kumbukumbu za mikutano na hesabu za mikopo, lakini kazi kubwa siku hizi ni kuingia kwenye intaneti. Mambo mengi ya serikali yamehamia eCitizen, ushuru uko iTax, na mtoto akitaka mkopo wa chuo anajaza fomu ya HELB huko huko.

Nalo lalamiko tunalolisikia kila tunapopita ni lile lile. Akina mama wanatuambia, "Ukiifungua hiyo intaneti unaweza kwenda kisimani ukarudi, bado inazunguka tu." Basi kwenye mkutano mmoja anasema tununue mpya, mwingine anasema tumwite fundi. Fundi akifika anatingisha kichwa: hii imekwisha. Mweka hazina anafungua kitabu chake na kuanza kuhesabu pesa za mbuzi.

Sisi tunasema pesa zisitoke kwanza. Kompyuta ikiwa nzito, uzito huo umekaa mahali fulani, na mahali penyewe panaweza kujulikana bila kulipa mtu. Huenda ni mtandao. Huenda ni memori, au diski, au joto. Huenda ni ile tovuti yenyewe unayoitafuta. Kila kimoja kina dawa yake, na dawa ya hiki haiponyi kile. Kumnunulia memori mwenye shida ya mtandao ni kama kumpa mtu dawa ya minyoo na yeye anaugua malaria.

Neno moja tulieleze kabla hatujaendelea. Kivinjari ni ile programu ambayo kwayo unaitazama intaneti. Wengine huiita brauza. Zinazojulikana zaidi ni Chrome, Firefox na Edge.

Ni mtandao au ni kompyuta?

Vikundi vingi huchukua intaneti kutoka kwa simu ya mwanachama. Hapo kipimo ni rahisi. Kompyuta ikizubaa, chukua simu ile ile, yenye laini ile ile, ufungue ukurasa ule ule kwenye simu. Kama nayo inazunguka, basi kompyuta haina hatia. Kama kwenye simu unafunguka upesi na kwenye kompyuta unakwama, shida iko mezani. Jaribu kurasa mbili tatu, kwa sababu tovuti nyingine huipa simu ukurasa mwepesi kuliko ule wa kompyuta.

Kipimo cha pili: kata mtandao kabisa, halafu fungua barua au hesabu za kikundi na uandike mistari kadhaa. Ukipiga herufi na inachelewa kutokea hata bila intaneti, hakuna haja ya kulaumu kampuni ya simu.

Ikiwa ni mtandao, weka simu dirishani au mahali popote inaposhika vizuri. Kisha uiunganishe na kompyuta kwa waya wake wa kuchaji badala ya kupitisha hewani. Kompyuta nyingi za zamani zina waifai dhaifu, na huo waya husaidia, tena simu inapata moto wakati huo huo.

Kuna mwizi mmoja wa bando ambaye wengi hawamjui. Unapounganisha Windows 10 kwa waifai ya simu, kompyuta haijui kwamba unanunua mtandao kwa kipimo. Inadhani uko mahali ambapo intaneti haiishi, basi inaanza kuteremsha masasisho yake makubwa kimya kimya, na wewe unayetaka kujaza fomu unabaki na makombo. Bando linakwisha na hujafanya lolote. Ingia kwenye mipangilio ya mtandao, bonyeza jina la waifai hiyo ya simu, na uwashe palipoandikwa "Set as metered connection". Sehemu kubwa ya masasisho hayo itangoja. Ila mara moja kwa mwezi tafuteni mahali penye mtandao wa kutosha myaruhusu, maana ndiyo kinga ya kompyuta.

Na wakati mwingine wala si simu wala si kompyuta. Wakenya wengi huingia iTax siku za mwisho kabla ya tarehe 30 Juni, na kila mtu huona imelemaa, hata mwenye kompyuta mpya kabisa mjini. Dawa ya hiyo ni kuingia mwezi wa pili au wa tatu, tena asubuhi na mapema.

Meza na stoo

Sasa tuseme tumehakikisha shida imo ndani ya kompyuta. Hapa ndipo panapochanganya watu, kwa hiyo twende polepole.

Ndani ya kompyuta kuna memori na kuna diski. Memori ni kama meza ya jikoni: kile unachokipika sasa hivi lazima kiwe juu ya meza. Diski ni stoo iliyo nje uani. Stoo ni kubwa na vitu hukaa humo hata stima ikipotea, lakini ni mbali. Meza ikiwa ndogo na umeijaza sufuria, ukitaka kukata kitunguu lazima ubebe sufuria moja uipeleke stoo, ukate kitunguu, halafu uirudishe. Kazi inayobaki ni kukimbia tu, huku na huku. Kompyuta yenye memori ndogo hufanya hivyo hivyo. Kama ina diski ya zamani ile ya kuzunguka, utaisikia ikikwaruza, na kale kataa kadogo ka mbele kanawaka bila kupumzika. Ukiona hivyo, hiyo mashine inakimbia stoo.

Memori hupimwa kwa gigabaiti, na watu husema "giga" tu. Kompyuta nyingi za mitumba zilizoko vijijini zina giga 2 au 4. Microsoft yenyewe ilitaja giga 1 au 2 kuwa kiwango cha chini cha Windows 10, lakini hicho ni kiwango cha kuiwezesha kuwaka, si cha kufanyia kazi. Kurasa za intaneti nazo zimenenepa. Zamani ukurasa ulikuwa maandishi na picha mbili. Leo una video, matangazo, na programu ndogo ndogo zinazoendelea kufanya kazi hata wewe ukiwa umeangalia kando. Halafu tangu mwaka 2018, Chrome ya kwenye kompyuta huiweka kila tovuti kwenye chumba chake, ili tovuti mbaya isichungulie siri za ile ya benki iliyofunguliwa kando yake. Ni jambo zuri, lakini vyumba vingi vinataka nafasi. Kwa hiyo kivinjari kuwa kizito si lazima kiwe kimeharibika.

Kuona kwa macho yako, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Itafunguka Task Manager. Kwenye Windows 10 kuna safu zilizoandikwa CPU, Memory na Disk, kila moja na asilimia yake. Fungua ukurasa ule unaokusumbua, kisha tazama. Memory ikipita 90 na Disk ikabaki karibu na 100, ndiyo ile habari ya meza na stoo. CPU ikikaa 100 na Memory ina nafasi, basi kuna kitu kinachoila prosesa, ambayo ndiyo akili ya mashine. Huenda ni ukurasa mmoja tu, huenda ni programu ya kuzuia virusi inayokagua diski, huenda ni masasisho. Zote zikiwa chini na ukurasa bado haujaja, rudi kwenye mtandao.

Chrome ina daftari lake yenyewe. Ukiwa ndani yake bonyeza Shift na Esc, utaona kila ukurasa uliofunguliwa na memori unayokula. Kwenye Firefox andika about:processes pale juu panapoandikwa anwani. Watu hushangaa kukuta ukurasa mmoja wa habari, uliosahauliwa tangu asubuhi, unakula kuliko kazi yote ya kikundi.

Dawa za bure

Ya kwanza ni kufunga vichupo, yaani zile kurasa zilizopangana juu kwenye kivinjari. Kwenye giga 2 fungua kimoja au viwili, basi. Kama unaogopa kupoteza ukurasa, uwekee alamisho kisha uufunge. Ukijaza fomu ya serikali, funga kila kitu kingine pamoja na zile hesabu.

Ya pili ni viendelezi. Hivi ni vijiprogramu vinavyodandia kivinjari, na vingi havikuitwa na mtu. Kijana alikuja kuteremsha muziki, akakubali kila alichoulizwa, akaacha wageni watatu ndani. Fungua orodha ya viendelezi na uondoe kila usichokijua. Ukiwa huko huko zima arifa za tovuti, zile zinazoruka pembeni kukuambia umeshinda simu. Na hakikisheni kuna programu moja tu ya kuzuia virusi. Zikiwa mbili zinafanya kazi pamoja, zinachunguzana zenyewe kwa zenyewe na nyinyi mnangoja.

Ya tatu ni kuiwasha upya sawasawa. Kwenye Windows 10, ukichagua "Shut down" mara nyingi haizimiki kabisa. Sehemu ya Windows yenyewe huhifadhiwa kwenye diski ili iwake upesi kesho, na uchafu wa jana unarudi nayo. Anayetaka ianze upya kweli achague "Restart". Ni ajabu lakini ndivyo ilivyo.

Tena kwenye Task Manager kuna mahali pameandikwa Startup. Hapo ndipo penye orodha ya programu zinazojiwasha zenyewe kila asubuhi. Zima zile za muziki, za michezo na za mazungumzo. Ya kuzuia virusi iacheni.

Sasa tuseme kidogo kuhusu ushauri ambao kila fundi wa njiani hutoa: "Futa historia yote, futa kila kitu." Sisi hatukubaliani nao sana. Kivinjari huweka akiba ya picha na vipande vya kurasa ulizotembelea, ili ukirudi kisivilete tena kutoka mbali. Ukifuta akiba hiyo kila siku, kila kitu kitateremshwa upya, na bando ni lako. Ukifuta na vidakuzi, utaingia upya kila mahali, na yule katibu aliyesahau neno la siri la eCitizen atakuwa na kazi. Futeni akiba ukurasa unapokuja umevurugika, au diski inapokaribia kujaa. Diski iliyojaa hadi mlangoni kweli huifanya kompyuta ilegee, lakini kinachojaza huwa ni video za harusi zilizolala pale zinapoteremshiwa, si akiba ya kivinjari.

Saa ikipotea

Kuna shida moja inayofanana na uzito, na siyo. Kila ukurasa unakataa kufunguka, na kivinjari kinaonya kwamba muunganisho si salama. Kabla ya kuita mtu, tazama tarehe pale pembeni chini. Kama kompyuta inasema ni mwaka 2009, umepata.

Tovuti huonyesha cheti cha kujitambulisha, na cheti kina siku ya kuanza na siku ya kuisha. Kompyuta yenye tarehe ya uongo itaona vyeti vyote ni vya uongo. Rekebisha tarehe, zitafunguka. Ikiwa kila stima ikipotea tarehe inarudi nyuma, kabetri kadogo ka ndani kamekufa. Kwenye kompyuta za mezani mara nyingi ni kale ka duara kama sarafu kalichoandikwa CR2032, na hata mafundi wa saa huwa nako. Za kubeba nyingine hutumia kabetri kenye nyaya, hapo tafuta fundi.

Tarehe ikiwa sawa na onyo bado lipo kwenye tovuti nyingi, huenda kompyuta yenyewe haijasasishwa kwa miaka. Cheti kimoja cha msingi kilichotegemewa na tovuti nyingi kilikwisha muda tarehe 30 Septemba 2021, na mashine kuukuu zisizokuwa na kile kilichofuata zilianza kukataa kurasa halali.

Vumbi pia tusilisahau. Kompyuta inayokaa karibu na kinu cha posho au jiko la kuni hujaa unga na masizi kwenye feni. Prosesa ikipata joto sana hujipunguzia mwendo yenyewe ili isiungue. Dalili yake ni hii: asubuhi iko sawa, baada ya nusu saa inalemaa, na feni inavuma. Izimeni, mwondoe waya wa stima, mpanguse kwa brashi laini na kavu. Msitumie kitambaa chenye maji. Ile ya kubeba isiwekwe juu ya blanketi, inazibwa pumzi.

Windows ya zamani na pesa za kikundi

Haya ndiyo tungependa yasomwe mkutanoni, hata kama mengine yatarukwa. Kompyuta inaweza kuwa nyepesi na bado isifae kwa mambo ya pesa.

Microsoft iliacha kuilinda Windows XP mwezi Aprili 2014, na Windows 7 mwezi Januari 2020. Kwa Windows 10, marekebisho ya kawaida ya bure yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Tangu Februari 2023, Chrome mpya haiingii kwenye Windows 7 wala 8. Maana yake ni kwamba mashimo yanayogunduliwa kwenye mifumo hiyo ya zamani hayazibwi tena, na wezi wanajua yalipo.

Mwenye XP au Windows 7 aitumie kuandika barua, kupiga hesabu na kuchapisha bila mtandao. Kuingia akaunti ya benki ya kikundi kwa mashine hiyo, hapana. Wala kuweka neno la siri la eCitizen la mwenyekiti. Fanyeni hayo kwa simu ya mwanachama mwaminifu inayopata masasisho, ingawa kioo chake ni kidogo. Na tukumbushe jambo moja kuhusu kompyuta inayotumiwa na watu wengi: kivinjari kikiuliza kama kikuhifadhie neno la siri, kataa.

Kuna njia ambayo haigharimu leseni. Linux ni mfumo wa bure unaoweza kukaa mahali pa Windows. Ile iitwayo Linux Mint, aina yake ya Xfce, inaomba giga 2 za memori na kupendekeza 4, na inataka kompyuta ya biti 64. Uzuri wake ni kwamba unaweza kuijaribu kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Mkiona intaneti inakwenda na printa inakubali, ndipo mwamue. Lakini hakikisheni kuna mtu wa karibu anayeielewa, maana mkikwama hakuna atakayesafiri kutoka mji mkuu kuja kuwaonyesha.

Ikibidi kununua

Task Manager ikionyesha memori imejaa hata kwa kichupo kimoja, hapo kuongeza memori ni pesa iliyotumika vizuri. Zipo DDR2, DDR3 na DDR4, na haziingiliani. Tena za kompyuta ya kubeba ni fupi. Chomoeni iliyomo mwende nayo dukani, mseme, "Nataka kama hii." Na mwulize kwanza kama Windows yenu ni ya biti 32. Hiyo haitumii zaidi ya giga 4 hata mkiijaza 8, mtakuwa mmemtajirisha mwenye duka.

Ikiwa ni Disk inayokaa 100 wakati memori ina nafasi, badilisheni ile diski ya kuzunguka kwa SSD, ambayo haina kitu kinachozunguka ndani. Kwa mashine ya miaka kumi hakuna badiliko linaloonekana upesi kuliko hili. Inawaka mapema, programu zinafunguka bila kungojewa, na hata meza ikijaa, stoo imesogezwa karibu na mlango. Kwa kompyuta nyingi kuukuu, giga 4 za memori na SSD ndogo zinatosha kazi ya kikundi. Ulizeni bei maduka matatu, muiandike, na muilinganishe na ile ya kompyuta nyingine ya mitumba, kwa sababu wakati mwingine ya pili ni nafuu.

Kabla fundi hajagusa diski, katibu anakili hesabu na kumbukumbu zote kwenye flashi mbili, moja ikae kwa mweka hazina. Afungue faili kadhaa kutoka kwenye hizo flashi kwa kompyuta nyingine aone kweli zinasomeka. Kazi ikiisha, ile diski ya zamani isiondoke na fundi, hata akisema haina kazi tena. Ina majina ya wanachama, namba zao za vitambulisho na deni la kila mtu. Ifungeni kabatini pamoja na kitabu cha hesabu.